Jina la Syombua, Mara Tatu

Kalama, Jumapili alasiri

Ndinda mwanangu,

Umeenda Masii kumuaga shangazi yako, na najua hutarudi kabla jua halijashuka, kwa sababu yule mtu akishakukalisha lazima ule. Nimepata meza peke yangu. Safari yako ya Lodwar inaanza kesho asubuhi, na yale ya kumwambia mtu anayesafiri kila mmoja ameshakuambia: uchemshe maji, ufunge dirisha, ukifika upige simu. Baba yako ameyarudia mpaka ukacheka. Mimi nayaruka yote. Hata huyo mwenye nyumba anayesema chumba chake kiko karibu kabisa na shule utakayofundisha sitamsema, ingawa mtu akikuambia "kabisa" kila mara unapomuuliza umbali, kuna kitu anaficha.

Unaona? Nimeanza.

Hilo ndilo nililokaa kukuandikia. Mimi ni mtu wa kushuku, na wewe umeukuta moyo huu ndani ya nyumba kama ulivyokuta viti. Sijui umechukua kiasi gani. Jana nilikuona ukihesabu tena chenji uliyorudishiwa na Mama Mueni dukani, mama ambaye amekujua tangu ukiwa mgongoni, na nikaona aibu kana kwamba ni mimi niliyesimama pale.

Sikuzaliwa hivi. Mwaka nilioolewa nilienda sokoni Machakos kununua mbegu za mahindi, zangu za kwanza kama mke wa mtu. Aliyeniuzia alikuwa na shati limepigwa pasi na maneno laini, akaniita dada, akanifungulia pakiti nione rangi ya dawa inayopakwa mbegu za kweli. Nilipanda shamba lote. Yaliota machache, mafupi, na wiki chache baadaye yakawa manjano. Yalikuwa mahindi ya kula yaliyopakwa rangi. Mama mkwe wangu hakunilaumu kwa mdomo. Alinitazama tu, akaenda kwa ndugu zake kuomba unga, na mwaka mzima tulikula cha kuombwa. Nikaapa kwamba hakuna mtu atakayenifanya mjinga tena. Ni kiapo kizuri ukikisikia. Sikujua kingekula watu wengine.

Sasa nikurudishe fomu tatu. Ulikuwa unasoma shule ya kutwa, na muhula ule mwalimu wenu wa hesabu alikuwa amewafundisha uwezekano. Nyumba yote ikawa darasa. Kuku akilalia mayai, unauliza: kati ya kumi, tutarajie vifaranga wangapi? Ulitia maharagwe mekundu matatu na meupe saba kwenye kikombe, ukanifunga macho kwa leso, ukaniambia nichague. Tulirusha shilingi kuamua nani ataenda kuteka maji, na iliponipeleka mimi mara nne mfululizo, niliichukua nikaikagua pande zote mbili.

"Iko na upande mzito," nikasema.

"Haina, Mama."

"Basi ya tano lazima iwe zamu yako."

"Shilingi haikumbuki," ukaniambia. "Kila mara inaanza upya."

Nilicheka, lakini sikukubali. Niliona ni kitu wanachowaambia watoto shuleni.

Wakati huohuo kikundi chetu cha mwethya, cha kusaidiana kazi, kilikuwa na nyumba sita. Unakumbuka kazi yetu: kila mwaka kabla ya mvua za vuli tulikwenda pamoja kutoa matope kwenye silanga ya mmoja wetu, lile bwawa lake la maji ya mvua, na kuichimba zaidi, kisha ya mwingine, mpaka zote sita ziishe. Silanga ya kwanza ilikuwa tayari mapema na ilishika maji yote. Ya tano na ya sita mara nyingi mvua ilizikuta nusu, na mwenyewe akakaa na tope lake hadi mwaka unaofuata. Kwa hiyo zamu ilikuwa jambo kubwa. Tulipiga kura. Kila nyumba iliandika jina kwenye karatasi, ikaikunja, ikaitia kwenye kopo la mafuta ya kupikia. Kopo nililishika mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyejulikana kwa kutodanganyika. Nililitikisa, nikamshikia Susu Kalondu. Huyu sote twamwita Susu, yaani nyanya, kwa sababu ya umri wake. Macho yalikuwa yamekwisha na vidole vimekauka, na tulimchagua achukue karatasi kwa vile hakuna aliyeweza kusema ameona.

Mwaka wa kwanza lilitoka jina la Syombua. Mwaka wa pili likatoka la Syombua. Mwezi wa nane wa mwaka wa tatu, Susu alitoa karatasi, Mzee Musyoki mwenyekiti akaifungua, akakohoa kidogo kabla ya kusoma. Syombua.

Syombua alikuwa rafiki yangu. Nyumba yake ndiyo ya juu kabisa mlimani, na pale alikuwa anamwangalia baba yake aliyekuwa amelala kitandani miaka minne. Siku ile tulitawanyika kama kawaida. Lakini nilirudi nyumbani nikiwaza zile mbegu za rangi. Nikaanza kukumbuka mambo. Kwamba Syombua huja mwisho kila siku ya kura, sote tukiwa tumeshatia karatasi zetu. Kwa nini mwisho? Kwamba karatasi yake hukunjwa mara nyingi. Kwamba mara moja nilimkuta akimpaka Susu Kalondu mafuta mikononi. Nilikuwa nimeona wema. Sasa nikaona mpango.

Jioni ile ulikuwa mezani na vitabu vyako. Nikakuuliza kama mtu anayepitisha wakati: "Majina sita kwenye kopo. Jina moja litoke mara tatu mfululizo. Uwezekano wake ni upi?"

Ulifurahi, mwanangu. Hukuwa umezoea nikuulize. Ulichora mistari yako, ukazidisha sita kwa sita kwa sita, ukaniambia, "Moja kwa mia mbili na kumi na sita." Ukapiga mstari chini ya jibu. Nikaomba ile karatasi.

Kikao kilikuwa uani kwa Susu. Nilisimama kabla hata ya maombi.

"Nina neno," nikasema. "Nimeuliza kwa mtu anayejua hesabu. Jina moja kutoka mara tatu hivi ni mara moja kwa mia mbili na kumi na sita."

Syombua alikuwa ndiyo tu amefika, bado anahema kwa ule mteremko. "Unasema nini, Mama Ndinda?"

"Mimi sisemi kitu. Hesabu ndiyo inasema."

"Inasema niliiba?"

"Inasema haiwezekani."

Nilikuwa nimeishika karatasi yako juu kama hati ya mahakama. Wengine walitazama chini, na mmoja akaguna kwa namna ya kukubali, na hiyo ndiyo iliyotosha. Musyoki akasema labda mwaka huu Syombua akubali kuwa wa mwisho, ili roho zitulie. Syombua alingoja mtu aseme neno jingine. Hakuna aliyesema. Akachukua karatasi yenye jina lake kutoka mapajani mwa Musyoki, akaikunja, akaitia kifuani.

"Toeni jina langu kabisa," akasema. "Msichoke kulihesabu."

Akapanda mlima wake. Nami, nikuambie ukweli, nililala vizuri siku hiyo.

Ulisikia shuleni baada ya wiki tatu hivi. Uliingia bila hata kutua begi.

"Mama, ile hesabu uliniuliza ilikuwa ya nani?"

Nikakuambia. Nilitarajia ujivune.

"Uliniuliza swali baya," ukasema kwa hasira. "Hukulichagua jina la Syombua kabla. Ulingoja mpaka ukaona limetoka. Kama lingekuwa la Mzee Musyoki mara tatu, ungemshuku?"

"Ningemshuku."

"Na Susu?"

Nilifikiri. "Hata yeye."

"Basi yeyote kati ya sita angekuwa mwizi kwako. Ni sita kwa mia mbili na kumi na sita. Ni moja kwa thelathini na sita, Mama. Ni kama kurusha dadu mara mbili na kupata sita zote mbili. Juzi kwenye ludo ulipata sita mbili mfululizo ukatoa kete zako ukinicheka. Mimi nilisema umeiba?"

"Bado ni nadra," nikang'ang'ana.

"Ndiyo, ni nadra. Kwani nadra ni wizi?"

Ningeweza kukufukuza ukalale. Lakini ulikuwa umeshalichukua lile kopo kutoka rafuni. Ukakata karatasi sita, ukaziandika namba, ukaniambia nifanye jinsi ninavyofanya siku ya kura, bila kubadilisha chochote. Nikatia tano, nikatia ya mwisho, nikalizungusha kopo mara mbili tatu kama kawaida yangu. Ukachukua kwa vidole vilivyokazwa, kama vya Susu, ukigusa tu ya juu. Ukaandika. Tukarudia. Nilidhani tutafanya mara kumi. Ulinifanyisha sitini, mpaka chakula kikaungua.

"Ikiwa kila karatasi ina nafasi sawa," ukasema, "iliyoingia mwisho itoke mara kumi hivi. Inaweza kuwa nane, inaweza kuwa kumi na tatu."

Ilitoka mara ishirini na saba.

Nakumbuka ulivyonitazama. Hukuwa na hasira tena, na hilo lilikuwa baya zaidi. Kopo lilikuwa refu na jembamba. Karatasi za chini zilishikana mikunjo yao, na mtikiso wangu haukuzifikia. Iliyoingia mwisho ilibaki juu, na vidole vya Susu havikuweza kuchimba. Syombua alikuja mwisho kwa sababu kila asubuhi ilimbidi amwoshe baba yake na kumlisha kabla ya kushuka. Kwa hiyo ni kweli kulikuwa na kitu, Ndinda. Pua yangu haikukosea. Kura haikuwa ya haki kwa miaka mitatu na pengine zaidi. Aliyeiharibu ni mimi, kwa mkono huu ninaoandikia.

Sasa nafika mahali ambapo hatujawahi kupazungumza. Nilikuambia, "Usimwambie mtu." Ukauliza kwa nini. Nikasema nitasema mwenyewe. Ulikuwa na miaka kumi na sita, na uliniamini. Ulinyamaza mwezi wa tisa, wa kumi, na Krismasi ikapita. Kila nilipochomoa ludo ulisema una kazi ya shule.

Nitakuambia nilichokuwa nafanya miezi ile. Nilikuwa namchunguza Syombua. Nilitafuta kosa lake lingine, lolote, ili la kwangu lipungue. Niliuliza alikotoa mabati mapya ya jikoni. Nilihesabu Jumapili alizokosa kanisani. Mtu akiwa na hatia hushuku kuliko aliyeibiwa, na hili sikuliona mahali, nililipitia mwenyewe.

Naye alikuwa anachimba peke yake. Niliweza kumwona kutoka kisimani, jembe likipanda na kushuka. Mvua ikamkuta na tope. Kufikia mwezi wa pili silanga yake ilikuwa imekauka kabisa wakati zetu zingali na maji, ikabidi ampeleke ng'ombe wake kwa kaka yake upande wa Mwala. Yule mzee kitandani alikuwa anapenda chai ya maziwa. Akawa anapewa ya rangi. Hilo nililisikia kanisani, mtu akilisema tu kama habari, na nikashindwa kuimba.

Nilipanda kesho yake. Nilimkuta anapepeta maharagwe. Hakuniambia nikae.

Nikamweleza yote: kopo, karatasi, mara sitini, ishirini na saba. Nilieleza kwa kirefu, kama mtu anayetaka asifiwe kwa kueleza vizuri. Alipepeta mpaka nikamaliza.

"Kwa hiyo umegundua lini?" akauliza.

"Mwezi wa tisa."

"Na huu ni mwezi wa pili."

"Ndiyo."

Akaweka ungo chini. "Mama Ndinda, siku ile ulisema ulihesabu. Ulipojifungua mtoto wako nilikutekea maji siku arobaini. Hizo ulizihesabu? Mume wako alipoumia Mavoko kiwandani, nililala kwako nikikulelea watoto. Hizo je? Wewe ulichukua mara tatu za kopo, ukaacha miaka kumi na saba yote nje. Hiyo ni hesabu gani?"

Nimelifikiria swali lake kuliko neno lolote nililosikia mimbarini. Kila mtu akija mbele yako amebeba siku zake zote, na mtu wa kushuku hushika moja tu aliyoitaka, akaziacha zingine zote.

Nikasema kwenye kikundi pia, wote wakisikia. Musyoki alisema hayo yamepita. Yalikuwa yamempita yeye. Tuliacha kopo, siku hizi tuna vifuniko vya soda vyenye namba, vinamwagwa kwenye beseni pana, kila mmoja anavichanganya kwa mkono wake chini ya leso. Tulimtumia Syombua neno arudi. Alishukuru, akakataa. Nyumba nyingine ikachukua nafasi yake.

Wewe unakwenda kufundisha hesabu. Siku moja, na haitakuwa mbali, mtoto aliyepata ishirini na tatu muhula uliopita atakuletea karatasi ya tisini. Moyo wako utaruka, kwa sababu umenyonya kwangu. Utajua ni nadra. Utaweza hata kuiandika nadra hiyo ubaoni kwa tarakimu. Mimi siwezi kukuambia uamini kila mtu. Wapo wauza mbegu, nami nilikula uongo wao mwaka mzima. Ila mwite peke yake. Muulize alisoma na nani, alikaa wapi, nyumbani kumebadilika nini. Na ukikuta kuna kitu kweli, angalia kwanza namna wewe mwenyewe ulivyowapangia viti. Mimi nilisimama mbele za watu na karatasi ya mtoto wangu. Hata leo, ukiniuliza kosa lipi kati ya yote linaniuma, ni kwamba niliichukua furaha yako ya jioni ile nikaifanya fimbo ya kumpigia mtu.

Kuna jambo moja la mwisho ambalo hulijui, kwa sababu lilitokea mwaka jana ukiwa chuoni.

Mwaka juzi namba yangu ilitoka kwanza. Mwaka jana, kwenye beseni, chini ya leso, mikono sita ikiwa imechanganya, ikatoka tena yangu. Uani kwa Susu kukawa kimya. Ninajua kimya kile, nilikitengeneza mimi. Yule mwanamke mpya akasema kwa kucheka, "Mama Ndinda ako na mkono," na wengine wakacheka kidogo, na hakuna aliyenitazama machoni. Nilitaka kuwaambia kwamba yeyote wa mwaka uliotangulia kurudia ni mara moja kwa sita, kwamba beseni halikumbuki. Maneno yalikuwa sawa kabisa, na nikaona yatakavyosikika yakitoka kwa mtu ambaye zamu ni yake. Nikayameza. Nilisema naweza kuwa wa mwisho. Susu akasema, "Chukua zamu yako, usitusumbue."

Siku ya kuchimba kwangu walikuja wawili. Wengine, mmoja alikuwa na mgeni, mwingine mgonjwa, mwingine simu haikuingia. Huenda yote yalikuwa kweli. Tukaingia kwenye tope, wanawake wawili na Musyoki mwenye mgongo mbovu, na nikajua hatutafika popote.

Kwenye saa tatu nikasikia mtu anashuka njia ya juu. Syombua, na jembe begani. Alikuwa hajaingia kwangu miaka sita.

"Sijarudi kwenye kikundi chenu," akasema kabla sijafungua mdomo. "Nimesikia jina lako limetoka mara mbili. Nikajua watu watapungua."

Akavua viatu, akashuka, akaanza upande wenye tope zito. Alichimba mpaka saa kumi. Nilimletea chai, alikunywa amesimama. Hatukuzungumza zaidi ya "sogeza karai" na "shika hapa". Silanga ilifika mahali haijawahi kufika, na mvua za mwaka jana ndizo hizo unazoziona mpaka leo ukienda kuteka.

Ungedhani nilifanya kazi ile na moyo mweupe. Nikuambie, kwa kuwa hakuna mwingine anayejua, na kwa kuwa sitaki uondoke ukidhani mama yako amepona. Siku nzima nilikuwa najiuliza anataka nini. Aliposafisha jembe lake kwa majani, akasema kwaheri, nilisimama nikimtazama akipanda mpaka akapotea nyuma ya miti. Kisha nikaingia ghalani nikahesabu majembe yangu, na makarai.

Yalikuwepo yote.

Mama yako anayekupenda na kukuogopea,
Mbithe